Kuku wa Nyuma ya Nyumba Katika Baridi ya Minnesota: Chakula, Maji na Hewa

Mfugaji aliyelelewa Njombe, Limuru au Bukavu, anapoanza kufuga kuku nyuma ya nyumba yake huko Minnesota, huja na maarifa mengi yatakayomfaa na zoea moja litakalomponza, nalo ni kuziba banda baridi inapozidi. Nyumbani zoea hilo lina sababu. Upepo wa Juni na Julai hupenya kwenye nyufa za mabanzi, vifaranga hurundikana pembeni, na mwenye banda hutundika magunia, husogeza jiko la mkaa na kufunga mlango hadi asubuhi. Minnesota, ambako usiku wa Januari mjini Minneapolis kwa kawaida hushuka hadi takriban nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri, na ambako Januari 30, 2019 kipimajoto kilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, mtu hushawishika kufanya hayo hayo kwa bidii zaidi. Ndivyo nilivyofanya mwaka wangu wa kwanza. Nilijaza povu kwenye kila mwanya, nikapigilia plastiki juu ya matundu ya hewa, na kabla ya Krismasi dirisha la banda lilikuwa limefunikwa barafu kwa upande wa ndani, hewa ilichoma macho, na kuku wawili kati ya sita walikuwa na ncha nyeusi kwenye panga zao, ile nyama nyekundu iliyo juu ya kichwa. Kilichowaumiza ni unyevu niliowafungia humo ndani.

Kwa hiyo mambo yote yanayofuata yanategemea jambo moja: kuku mzima aliye mkavu, aliyeshiba na aliyekunywa maji hujipasha joto mwenyewe hata usiku wa barafu, na kazi ya mfugaji ni kumhakikishia mambo hayo matatu badala ya kuhangaika kulipasha banda. Nimemlenga mwenye kuku wanne hadi kumi na wawili mjini, na hesabu zangu ni za kuku sita. Kuhusu kibali sitasema mengi. Minneapolis na Saint Paul hudai kibali cha kufuga kuku, miji mingine ina masharti yake, hasa kuhusu majogoo, na ni vyema kuuliza ofisi za mji wako kabla hujanunua mbao.

Hewa na unyevu

Joto la mwili wa kuku mkubwa ni takriban nyuzi 41. Chini ya manyoya yake ya juu ana malaika, vile vinyoya laini vinavyoshika hewa karibu na ngozi, na usiku akitulia juu ya kichanja huvitutumua, huvifunika vidole kwa tumbo lake na kukificha kichwa kwenye manyoya ya mgongo. Sehemu zisizo na manyoya, yaani upanga, ndevu zinazoning'inia chini ya mdomo, na vidole, ndizo zinazoungua kwa baridi. Sasa fikiria maji. Kuku mmoja hunywa takriban robo lita kwa siku wakati wa baridi, na sehemu kubwa ya maji hayo huyatoa kwa pumzi na kwa kinyesi, ambacho takriban robo tatu yake ni maji. Kuku sita wanaoshinda ndani humwaga humo lita moja au zaidi kila siku. Mvuke huo usipopata njia ya kutoka, hupanda, hukutana na paa baridi, hugeuka matone, na matone huwarudia kuku kwenye panga na migongo, na nyoya lililolowa halishiki joto tena.

Tiba yake ni kuweka matundu ya hewa juu kabisa, karibu na paa, katika kuta mbili zinazotazamana, na kuhakikisha kwamba upepo hauwapigi kuku pale wanapolala. Kipimo ninachokitumia mimi ni uwazi wa sentimita 30 kwa 30 kwa kila kuku, ukigawanywa kwenye matundu kadhaa yenye vifuniko vya kuteleza, ili upande unaopigwa na tufani ya theluji uweze kupunguzwa usiku ule na kufunguliwa tena asubuhi. Matundu yote yafunikwe kwa wavu mgumu wa chuma wenye macho ya milimita 13, kwa sababu kicheche hupenya mahali ambapo mtu asingedhani hata panya angepita, na rakuni ana mikono inayoweza kufungua komeo la kawaida. Wavu mwepesi wa kuku, ule wa macho yenye pembe sita, huwazuia kuku wasitoke, lakini haumzuii mnyama mwenye njaa asiingie.

Kuna vipimo vitatu visivyohitaji chombo chochote. Cha kwanza ni kioo cha dirisha: ukikikuta kina barafu au matone kwa ndani asubuhi, fungua zaidi, hata kama nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Cha pili ni pua yako, lakini uinamishe hadi kwenye kimo cha kuku, kwa kuwa amonia hutoka kwenye matandazo na wao ndio wanaoivuta usiku kucha. Ukiinusa, tayari ni nyingi. Cha tatu ni ukanda wa karatasi laini uliofungwa kwenye kichanja siku ya upepo: ukipepea, tafuta ufa uliopo chini na uuzibe. Mianya ya chini huzibwa na ya juu huachwa wazi, na wengi wetu tumezoea kufanya kinyume.

Vichanja viwe vya mbao ya inchi mbili kwa nne iliyolazwa ili upande wake mpana uwe juu, kwa maana kuku anayesimama juu ya fito nyembamba huvikunja vidole kuizunguka na ncha zake hubaki nje ya manyoya, ilhali kwenye mbao pana hukalia miguu yake yote. Mpe kila kuku sentimita 25 za kichanja. Kwa eneo la sakafu, chini ya theluthi moja ya mita ya mraba kwa kuku mmoja ni kidogo mno, na kwa kuwa Januari watashinda ndani kwa siku nyingi, nusu mita ni bora zaidi na hupunguza sana ugomvi na kudonoana.

Matandazo ninayoyaamini ni maranda makavu ya msonobari. Anza Oktoba na kina cha sentimita 15, kisha ongeza tabaka jipya kila wiki au kila yanapoonekana kushikana, hadi Februari yafike karibu sentimita 30. Geuza kwa reki mara mbili kwa wiki, au rusha nafaka kidogo juu yake ili kuku wenyewe wafanye kazi hiyo kwa kuparura, jambo ambalo pia huwaondolea uvivu wa siku nzima wa kukaa ndani. Sehemu ya chini ya vichanja hukusanya kinyesi kingi kuliko mahali pengine pote, hivyo mimi huweka pale ubao mpana na kuukwangua kila asubuhi, na kwa dakika tatu tu unyevu mwingi hutoka ukiwa bado umeganda.

Chakula

Kuku wa mayai wa umbo la kati hula takriban gramu 120 kwa siku katika hali ya hewa ya wastani. Baridi ikishika huongeza, kwa kuwa chakula ndicho kuni za jiko lake la ndani, na si ajabu kuona ongezeko la robo nzima au zaidi. Kwa kuku sita, kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi, siku 151, hiyo ni karibu kilo 109 bila nyongeza na karibu kilo 136 pamoja nayo, yaani magunia sita ya ratili 50 yanayouzwa katika maduka ya kilimo. Usiyanunue yote kwa pamoja. Vitamini hupungua chakula kikikaa, hivyo nunua magunia mawili kwa wakati na uyahifadhi katika pipa la chuma lenye mfuniko, mahali pakavu, ambapo panya hawataweza kutafuna.

Msingi uwe chakula kamili cha kuku wa mayai chenye protini asilimia 16 hivi, na kiwepo mbele yao muda wote wa mchana. Hapa nasisitiza, kwa sababu wengi wetu tumekulia mahali ambapo kuku wa kienyeji hujitafutia na jioni hurushiwa punje chache. Chini ya theluji hakuna mchwa, hakuna panzi wala majani, na kuku anayeachwa ajitafutie Januari anaachwa afe njaa. Zaidi ya hayo, kuku hali gizani. Mwishoni mwa Desemba jua la Minneapolis hukaa angani kwa saa 8 na dakika 46 tu, hivyo kuku hukaa juu ya kichanja kwa takriban saa 15 bila kula, na chakula alichokijaza kwenye gole, kile kifuko cha chakula shingoni, kabla ya kulala ndicho kitakachomfikisha asubuhi.

Kutokana na hilo huja desturi ya kutoa mahindi ya kuparaza jioni. Ni desturi nzuri, ila isieleweke vibaya. Mahindi hayana joto la pekee. Yana nguvu nyingi na protini kidogo, karibu asilimia 8 au 9, na faida yake kubwa ni kwamba kuku huyapenda na hulala gole limejaa. Akipewa mengi huacha chakula kamili, hunenepa kwa mafuta, hupunguza mayai na hukosa protini ya kutunza manyoya. Kijiko kimoja cha mezani kwa kila kuku, nusu saa kabla ya kupanda kichanja, kinatosha, na kiasi hicho pamoja na makombo yote ya jikoni visizidi sehemu moja ya kumi ya mlo wa siku.

Makombo yenyewe yachaguliwe. Ugali uliobaki na wali visivyo na chumvi nyingi havina neno. Kabichi nzima iliyotundikwa kwa kamba kwenye kimo cha kichwa huwapa majani mabichi na kazi ya kuruka na kudonoa, na boga lililopasuliwa katikati hufanya vivyo hivyo. Nyasi kavu za alfalfa (lusini) zilizolowekwa hukirudishia kiini cha yai ile rangi ya kiangazi. Maharage makavu ambayo hayajapikwa yana sumu kwa kuku, na maganda na kokwa la parachichi vilevile, pamoja na viazi vilivyogeuka kijani. Zaidi ya yote, unga au mahindi yaliyoota kuvu yasitolewe kwa kuku kwa hoja kwamba kuku hawachagui. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na sumu hiyo hiyo huharibu ini la kuku. Chakula kilicholowa theluji kikashikana, kimwage.

Kuku wanaonyonyoka manyoya wanahitaji uangalizi wa pekee. Kwa kawaida hubadilisha manyoya vuli, majira yanayotangulia baridi, kazi ya wiki 8 hadi 12, na kwa kuwa nyoya karibu lote ni protini, kuku anayechelewa hadi Novemba huikuta baridi akiwa nusu uchi. Kwa muda huo wape chakula chenye protini asilimia 18 hadi 20. Dagaa wakavu wasio na chumvi, wanaopatikana katika maduka mengi ya Kiafrika, ni nyongeza bora sana; wachache tu kwa kila kuku mara mbili au tatu kwa wiki. Acha pia kumshika ovyo kuku mwenye manyoya mapya, kwani vishina vyake vina damu na vinauma.

Vitu viwili husahaulika kwa sababu majira mengine ardhi huvitoa bure. Changarawe ngumu ya granaiti lazima iwepo kwenye chombo chake, la sivyo firigisi haina cha kusagia punje na majani wakati theluji imefunika udongo. Kombe za chaza zilizosagwa ziwepo kwenye chombo kingine, ili kuku anayetaga achukue chokaa anayoihitaji na asiyetaga aiache. Usivichanganye, kombe huyeyuka tumboni na haziwezi kufanya kazi ya changarawe.

Siku za baridi kali mimi huwapikia kuku uji, yaani chakula chao cha kawaida kilichokorogwa na maji ya moto hadi kikawa mzito, nikautoa ukiwa vuguvugu asubuhi na mapema. Uwe mzito kiasi cha kutochuruzika, na uwe kiasi watakachomaliza kwa dakika 20, kwa kuwa utaganda, na uji mwepesi unaolowesha ndevu ni mwanzo wa jeraha.

Maji

Kama ingenilazimu kuchagua kazi moja ya majira ya baridi isiyoweza kuahirishwa, ningechagua maji. Kuku asiyekunywa haendelei kula, na asiyekula hawezi kujipasha joto; ndiyo maana maji yakiganda saa mbili asubuhi na kuonekana na mfugaji saa kumi na moja jioni, siku nzima ya chakula imepotea hata kama kilishio kimejaa. Theluji si mbadala. Kuku huidonoa, lakini huyeyusha kila tonge kwa joto la mwili wake, na hawezi kupata kiasi kinachomtosha.

Njia rahisi isiyohitaji umeme ni ndoo mbili za mpira mweusi. Moja huwa bandani, nyingine hubaki ndani ya nyumba ikiyeyuka, na hubadilishwa asubuhi, mchana na alasiri. Mpira haupasuki, na barafu hutoka kwa kuugeuza na kuukanyaga. Anayetoka kazini usiku au anayefanya zamu mbili, na wengi wetu hapa ndivyo tulivyo, anunue kitako cha umeme cha kuwekea chombo cha maji au ndoo yenye kipasha joto ndani yake, chenye kujiwasha karibu na sifuri. Waya uwe wa matumizi ya nje, uchomekwe kwenye soketi yenye kinga ya kukata umeme palipo na maji, na maungio yake yainuliwe juu ya theluji.

Chombo kiwe na mdomo mwembamba au chuchu za kudonolewa ubavuni, ili ndevu zisiguse maji. Kikae nje ya sehemu ya kulala ikiwa uwanja wako umefunikwa kwa paa, maana kila tone lisilomwagika bandani ni unyevu usiohitaji kuutoa. Usiku, kuku wakiwa kichanjani, hawahitaji maji, hivyo usihangaike kuyaweka.

Mwanga na mayai

Kuku aliyeko karibu na ikweta hupata takriban saa 12 za mwanga mwaka mzima, na kwa hiyo mfugaji kutoka kwetu hushtuka mayai yanapokatika ghafla Novemba. Si ugonjwa. Ili kutaga bila kusita kuku huhitaji saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku. Anayetaka mayai aweke balbu ndogo ya LED yenye saa ya kuiwasha alfajiri, si jioni, ili taa isizimike ghafla kuku wakiwa chini wakashindwa kupanda, na aongeze muda kwa nusu saa kila wiki. Mimi huwaacha kuku wenye zaidi ya mwaka mmoja na nusu wapumzike hadi Februari, kwa sababu hurudi na manyoya kamili na maganda magumu, lakini sioni kosa kwa familia inayohitaji mayai kuamua vingine. Yai lililoachwa kiotani kwenye baridi hii huganda na kupasuka, hivyo kusanya kila unapobadilisha maji, lililopasuka litupwe.

Moto usiingie bandani

Jiko la mkaa, ambalo limeokoa vifaranga wengi katika nyanda zetu za juu, halina nafasi hapa. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua kuku na inayomwua pia mfugaji aliyeinama kuwaangalia, na cheche moja juu ya maranda makavu inatosha kuteketeza banda na ukuta wa jirani. Balbu ya joto ya wati 250 nayo ni hatari: hutundikwa kwa kibanio, kuku huirukia, hushika vumbi, huanguka. Mabanda huungua kila mwaka kwa njia hiyo, na mengine yamejengwa yakigusana na nyumba za kuishi. Aidha, kuku waliozoeshwa joto hukosa kujiandaa, na umeme ukikatika katikati ya tufani hukutana na nyuzi 25 chini ya sifuri kwa mara moja. Palipo na kuku mzee, mgonjwa au asiyemaliza kuota manyoya, paneli bapa ya joto isiyotoa mwanga, iliyofungwa ukutani kwa skurubu, ndiyo ninayoweza kuikubali.

Aina ya kuku ina uzito kuliko kifaa chochote. Leghorn mwenye upanga mrefu uliosimama huungua kirahisi, ilhali Wyandotte, Brahma na Ameraucana wana panga fupi zilizolala. Chantecler alizalishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Ndugu Wilfrid Châtelain katika abasia ya Oka, Quebec, kwa nia hasa ya kupata kuku anayetaga katika baridi ya Kanada, na upanga wake na ndevu zake ni vidogo mno.

Kuwakagua

Manyoya yaliyotutumka huficha ukondefu. Kuku anaweza kuonekana mnene kama mto na ndani akawa mifupa, kwa hiyo kila wiki mbili mshike usiku akiwa kichanjani na upapase mfupa wa kifua: ukiwa umechongoka kama kisu bila nyama pembeni, anakonda. Papasa na gole pia. Jioni liwe limejaa, asubuhi liwe tupu. Anayesimama peke yake mkia chini na macho yamefumba mchana, au anayetoa kinyesi cha kijani kilichokolea, atengwe mara moja. Mpeleke kwenye gereji au chumba cha chini chenye ubaridi wa wastani, si sebuleni, kwa maana kuku aliyekaa wiki nzima kwenye nyuzi 21 hawezi kurudishwa ghafla kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Utitiri wa kuku wa nchi za baridi huzidi wakati huu wa mwaka, kinyume na wengi wanavyotarajia, kwa kuwa huishi juu ya kuku mwenyewe pale penye joto. Fumbua manyoya yaliyo kuzunguka tundu la kutagia ukitumia tochi: ukiona weusi wa uchafu na vijidudu vinavyotembea, tumia dawa ya unga iliyoruhusiwa kwa kuku kwa kufuata lebo yake na kurudia kama inavyoelekeza, wala usimwogeshe kuku kwa maji. Kama kinga, weka beseni la udongo mkavu, mchanga na majivu ya kuni mahali pasipofikiwa na theluji. Udongo huo uukusanye Septemba, kwani Desemba ardhi ni jiwe.

Upanga ukiungua kwa baridi huanza kwa kupauka au kuwa kijivu, kisha ncha hugeuka nyeusi. Usiusugue, usiupashe kwa moto wala kwa kikausha nywele. Mpeleke kuku penye joto la wastani, acha sehemu ijirudi polepole, na ncha nyeusi iachwe ikauke na kudondoka yenyewe baada ya wiki kadhaa. Kuikata ni kufungua njia ya maambukizi. Vidole vilivyovimba na malengelenge vinahitaji daktari wa mifugo. Mafuta mazito ya kujipaka, ambayo wengi hupaka kwenye panga, sikuyaona yakizuia kitu banda likiwa na unyevu.

Kuhusu dawa, kumbuka kwamba tangu Juni 2023 antibiotiki zote za mifugo zenye umuhimu kwa matibabu ya binadamu hupatikana Marekani kwa cheti cha daktari wa mifugo tu. Ile desturi ya kununua pakiti ya unga dukani na kuikoroga kwenye maji haiwezekani, na ni vizuri umtafute daktari anayepokea kuku kabla hujamhitaji.

Hofu kubwa zaidi ni mafua ya ndege. Yaliikumba Minnesota mwaka 2015 na tena kuanzia Machi 2022, yakibebwa na bata na mabata bukini wa mwituni wanaohama masika, baridi ikiisha, na vuli. Aliyeishi na mdondo (kideri, yaani Newcastle) nyumbani anaijua sura yake: kuku wazima jana, leo wamekufa kadhaa kwa mpigo, wengine wana panga za buluu na vichwa vilivyovimba. Lisha chini ya paa, usiache punje uwanjani za kuwaita ndege wa porini, na uwe na viatu vya bandani visivyotoka nje ya uzio. Vifo vya ghafla vikitokea, usichinje waliobaki, usigawe nyama wala mayai kwa ndugu na majirani; piga simu kwa Bodi ya Afya ya Wanyama ya Minnesota siku hiyo hiyo.

Siku za nyuzi 30 chini ya sifuri

Utabiri ukitangaza baridi ya namna hiyo, jiandae siku moja kabla: ongeza maranda, jaza vilishio, hakikisha kipasha maji kinafanya kazi, na punguza matundu ya upande wa upepo bila kuyafunga yote. Asubuhi fungua mlango mdogo wa kuku kama kawaida na uwaachie uamuzi. Wengi hukataa kukanyaga theluji, na kuku aliyerukia theluji yenye kina huweza kuganda miguu palepale akiogopa kurudi, kwa hiyo safisha njia na uitandike nyasi kavu. Plastiki angavu iliyofungwa kwenye kuta za uwanja, ikiacha sentimita 30 wazi juu, huwapa mahali pa kuotea jua bila upepo. Watembelee mara tatu, na katika ziara ya jioni hesabu vichwa kwa mkono.

Machi, theluji inapoyeyuka mchana na kuganda usiku, watu hulegeza mkono mapema, na hapo ndipo matandazo hulowa kuliko wakati wowote. Endelea na maranda makavu hadi Aprili. Ukishayaondoa, yarundike kama mboji. Yale yasiyoiva yakichanganywa na udongo yahitaji siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusa ardhi, hivyo rundo la Aprili hii liache hadi mwakani, na tuta la mchicha na sukuma wiki la mwaka huu lipewe rundo la mwaka jana.